Mita 30 za saa na mita 30 za maji

Msimu wa kahawa unapofika na fedha zikaanza kuzunguka Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, saa za mkononi nazo hupata wateja. Nyingi zina maandishi mgongoni au usoni kwamba haziingizi maji hadi mita 30. Nyingine zimeandikwa 50, nyingine 100, chache 200. Mnunuzi anaisoma namba hiyo jinsi anavyosoma kilo kwenye mfuko wa sukari: ameuziwa mita 30, basi ana mita 30. Anaoga nayo, anafulia nayo, analowa nayo kwenye pikipiki, na baada ya miezi kadhaa kioo kinaota ukungu kwa ndani. Hapo ubishi unaanza. Mmoja anasema saa ni feki. Mwingine anamlaumu fundi aliyebadilisha betri. Wa tatu, kijana aliyerudi likizo kutoka hoteli za Nungwi, Zanzibar, anasema saa ya kweli ya majini ni ile ya mamilioni.

Wote watatu wameshika kipande cha ukweli, lakini swali lenyewe lina uzito kuliko ubishi huo. Kwa mtu anayezama na mtungi wa hewa mgongoni, saa ni chombo cha uhai. Na kwa mtu wa wilaya za Karagwe au Kyerwa, anayeishi kwenye nyanda za juu na ambaye maji makubwa yaliyo karibu naye ni Ziwa Victoria, hesabu ya kuichagua haifanani na ya mtu wa pwani.

Nani anaihitaji huku

Tuanze na ukweli wa mahali. Hakuna anayezama kwa starehe katika Mto Kagera, unaopita mpakani mwetu na Rwanda kisha Uganda. Maji yake ni ya tope, na viboko na mamba wana makazi humo. Wanaohitaji saa ya kupiga mbizi ni wachache na wanajulikana kwa kazi zao: askari wa uokoaji, mafundi wanaokagua sehemu za chini za vyombo na mitambo, na vijana wanaotoka Kyerwa na Karagwe kwenda kutafuta riziki Unguja, Pemba na Mafia, ambako kupiga mbizi ni biashara.

Uchache wao usitufanye tulione jambo hili kuwa la anasa. Mkoa wa Kagera unajua gharama ya kukosa wapiga mbizi. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 wanakadiriwa kupoteza maisha; wapiga mbizi wenye vifaa ilibidi waletwe kutoka Afrika Kusini. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Tukitaka vijana wetu waifanye kazi hii, lazima tujue vifaa vyake, kuanzia na saa.

Namba kwenye uso wa saa

Kila unaposhuka mita 10 majini, mgandamizo unaongezeka kwa takriban bar moja. Kwa hiyo mita 30 ni bar 3. Kiwandani saa hupimwa kwenye chombo cha mgandamizo ikiwa mpya, imetulia, mipira yake ya kuzibia ikiwa laini. Kiwango cha kimataifa cha saa za kawaida, ISO 22810, kinaruhusu kiwanda kupima baadhi tu ya saa za toleo zima. Namba inayochapwa ni taarifa ya jaribio lile. Haisemi lolote kuhusu saa iliyokaa mkononi miaka minne ikipigwa na jua.

Kuna maelezo yaliyozoeleka kwamba mkono ukitikisika majini mgandamizo huongezeka maradufu, ndiyo maana saa ya mita 30 haifai hata kuogelea. Maelezo hayo si sahihi. Hata mkono ukikata maji kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna mpiga mbizi anayeifikia, mgandamizo unaoongezeka ni sawa na kushuka mita moja na robo tu. Kinachoiua saa ni kingine: mpira uliokauka, kifundo cha pembeni kilichovutwa kurekebisha saa kikasahauliwa nje, sabuni, na joto linalobadilika ghafla. Saa iliyokaa juani ikatumbukizwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta unyevu kupitia upenyo wowote uliopo. Tofauti hii ina faida kwa mnunuzi, kwa sababu inamwonyesha aangalie nini: hali ya mipira kwanza, ukubwa wa namba baadaye.

Kwa matumizi ya kawaida, tuseme hivi: mita 30 ni kwa mvua na kunawa. Mita 50 ni kwa kuogelea kidogo saa ikiwa mpya. Mita 100 inamtosha mvuvi na mwosha magari. Kwa mtungi wa hewa, anzia 200, ingawa mpiga mbizi wa starehe anafundishwa asivuke mita 40. Zile 160 zilizobaki ni akiba ya uchakavu.

Wanaodai cheti

Kundi la kwanza la wataalamu linasema namba pekee haitoshi. Saa iwe imeandikwa neno Diver's, yaani imepita kiwango cha ISO 6425. Hoja yao ni nzito. Kiwango hicho kinataka kila saa ipimwe, si sampuli, tena kwa mgandamizo unaozidi ulioandikwa kwa robo: ya mita 200 inapimwa kwa bar 25. Isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Ionyeshe kwamba inatembea, ndiyo maana mshale wa sekunde nao hupakwa rangi inayowaka. Istahimili chumvi, kishindo na sumaku. Iwe pia na njia ya kuhesabu dakika zilizopita, ambayo kwa kawaida ni ile pete yenye alama inayozunguka kioo.

Pete hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Kabla ya kushuka, mpiga mbizi anazungusha alama ya pembetatu mpaka ikae mbele ya mshale wa dakika. Tangu hapo, mshale unasoma kwenye pete dakika alizokaa chini bila hesabu ya kichwani. Pete nzuri inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mshale. Ikigongwa na mtungi au ubavu wa boti, itaonyesha umekaa muda mrefu kuliko ukweli, nawe utatoka mapema. Ingekuwa inazunguka pande zote, kishindo kimoja kingekuzawadia dakika kumi za uongo. Wazo la pete ya kuzamia ni la tangu 1953, Blancpain ilipotoa saa yake kwa ajili ya wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa na kuipa jina la pima hamsini, takriban mita 91.

Udhaifu wa msimamo huu ni bei na uhakika. Saa za Citizen Promaster na Seiko zenye alama hiyo, mpya, huuzwa nje kwa kati ya dola 150 na 350 kabla ya usafiri na ushuru. Na neno Diver's kuchapwa kwenye saa bandia ni kazi ya dakika moja. Saa bandia hujifichua kwenye pete na kifundo: pete inayolegea au kwenda pande zote, kifundo kisichokazwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa.

Wanaosema saa rahisi inatosha

Kundi la pili linasema usilipie cheti. Wanataja Casio Duro, saa ya betri yenye mishale, pete ya upande mmoja, kifundo cha kukaza na mita 200, ambayo nje ya nchi huuzwa chini ya dola 100. Haina neno Diver's, lakini wapo wengi wanaozama nayo. Wanataja pia G-Shock, zilizoanza 1983, ambazo nyingi ni za mita 200 na zinavumilia kuanguka.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inakubaliana na mfuko wa mtu wa kawaida, na kwamba betri hutunza majira vizuri kuliko mashine ya springi. Saa ya springi ya bei nafuu inaweza kupoteza au kuongeza sekunde 20 na zaidi kwa siku. Kwa kuzama nusu saa hilo halidhuru, ila mashine hiyo ina vipande vingi vya kusafishwa na kupakwa mafuta, na fundi wake hapatikani kila mji.

Udhaifu uko sehemu mbili. Saa za namba, hata nzuri, nyingi hazitakiwi kubonyezwa vitufe vikiwa chini ya maji, hivyo ukisahau kuwasha kihesabu dakika juu, huko chini umechelewa. Sehemu ya pili ni betri. Betri ya Duro hudumu takriban miaka mitatu, kisha saa lazima ifunguliwe.

Kwenye meza ya fundi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo kwa wilaya zetu. Fundi wa kando ya barabara ana bisibisi, kibano, betri ndogo kwenye kisahani na jicho zuri. Anafungua mfuniko wa nyuma, na ndani yake kuna mpira mweusi mwembamba kama uzi uliokaa kwenye mfereji wake. Huo ndio ukuta wote uliopo kati ya maji na mashine. Ukitolewa ukarudishwa umepinda, au ukiingia unywele mmoja chini yake, mita 200 zimekwisha. Kwa saa ya kupiga mbizi mpira huo ubadilishwe kila mfuniko unapofunguliwa, upakwe mafuta ya silikoni, kisha saa ipimwe kwa mashine ya mgandamizo. Mashine hiyo si kitu cha kukikuta kwenye meza ya barabarani, na mpira wa kipimo kamili nao ni wa kuagiza.

Si kosa la fundi. Anatoza fedha ya betri, na hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Ila mnunuzi akilielewa hili, uchaguzi wake unabadilika: pasipo na mashine ya kupimia, saa bora ni ile isiyofunguliwa mara kwa mara. Saa ya mwanga wa jua, kama Eco-Drive ya Citizen au G-Shock zenye sola, inaweza kukaa miaka mingi ikiwa imefungwa kama ilivyotoka kiwandani. Nyongeza ya bei inarudi kwa njia hiyo. Ndiyo sababu, kwa Karagwe na Kyerwa, naiweka sola mbele ya betri na mbele ya springi, mpangilio ambao kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye duka la wakala jirani usingekuwa wa lazima.

Lipo pia jaribio dogo linalofanana na moja la viwandani. Iache saa ipate vuguvugu juani, dondoshea kioo tone la maji baridi, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukibaki upande wa ndani, unyevu umeshaingia. Saa hiyo isiende majini mpaka ifunguliwe na kukaushwa.

Wanaosema acha saa, nunua kompyuta

Kundi la tatu linatoka kwa wakufunzi wa mbizi. Kompyuta ya kuzamia, ya kuvaa mkononi, inapima kina na muda kwa pamoja, inahesabu naitrojeni iliyoingia mwilini, na inalia ukipanda haraka. Ya kuanzia hupatikana nje kwa dola 200 hadi 300. Kwa nini basi mtu alipe 200 kwa saa yenye mishale?

Sioni jibu la kuishinda hoja hii kwa anayezama mara kwa mara. Saa inajua muda tu. Haijui kwamba ulishuka mita 12 kisha ukateleza hadi 22. Udhaifu wa kompyuta ni kwamba betri yake nayo hufa, nyingi za bei nafuu hazivaliwi kirahisi siku nzima kazini, na ikizimika ukiwa chini, asiye na chombo cha pili hajui tena amekaa muda gani. Pia inadai kupangwa, na mpangilio mmoja una uzito wa pekee kwetu.

Mwinuko

Majedwali ya kuzama, yanayompa mpiga mbizi kikomo cha dakika kwa kila kina, yametungwa kwa usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu yake, na hewa pale ni nyepesi, kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Mwili unapopanda kutoka chini unaingia kwenye hewa hiyo nyepesi, na naitrojeni hutoka kwa kishindo kikubwa kuliko Nungwi. Kanuni za mbizi huanza kuhesabu mwinuko kuanzia mita 300 tu.

Chukua mita 25, kina kinachokadiriwa pale ilipozama MV Bukoba, kiwe mfano wa hesabu. Kwenye jedwali la PADI la wapiga mbizi wa starehe, mita 25 baharini zina kikomo cha dakika 29. Ziwani, gawanya 25 kwa 0.87: mwili unaziona kama mita 28 au 29, na jedwali linakupeleka kwenye mstari wa 30, ambao una dakika 20.

Sasa weka hewa kwenye hesabu hiyo. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400. Ukibakiza bar 50 za akiba, unazo 1,800 za kutumia. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu atavuta karibu 70 kwenye kina hicho, hivyo hewa yake inatosha takriban dakika 26. Baharini, hewa inakwisha kabla ya kikomo cha naitrojeni. Geji ya mtungi ndiyo inayokuonya kwanza. Ziwani mambo yamegeuka. Dakika 20 zinakwisha ukiwa bado na hewa nzuri, kifua kinapumua vizuri na geji haijasema chochote. Kijana aliyejifunza Zanzibar akaja kufanya uokoaji Bukoba kwa mazoea ya kule atakuwa amevuka mstari bila kuhisi. Chombo pekee cha kumwonya ni kile kilicho mkononi.

Kompyuta nyingi zinasahihisha hili, baadhi zenyewe, nyingine kwa mkono wa mwenye nayo. Suunto Zoop, kwa mfano, ina ngazi tatu: hadi mita 300, kuanzia 300 hadi 1,500, na 1,500 hadi 3,000. Iliyotoka Nungwi ikiwa ngazi ya kwanza ikashushwa Ziwa Victoria bila kupandishwa ya pili, itatoa ruhusa ya dakika ambazo mwili hauna. Saa ya mishale haina kosa la aina hiyo kwa sababu haijui kina. Kosa litakuwa la aliyesoma jedwali lisilofaa.

Saa za fahari na za mtumba

Kundi la mwisho halinichukulii nafasi kubwa. Rolex Submariner ni chombo kilichotengenezwa kwa uangalifu, lakini anayeinunua leo analipia jina na fahari. Nacho kitundu cha kutolea heliamu, kwenye zile saa za fahari zilizonacho, ni kwa mafundi wanaoishi siku kadhaa ndani ya chemba za mgandamizo. Kwenye kina cha mita 25 hakina kazi. Saa ya mtumba, hata ya kampuni nzuri, ihesabiwe kuwa haina kinga ya maji mpaka mipira yote ibadilishwe na ipimwe. Ukijumlisha gharama hiyo, unafuu wake mara nyingi unayeyuka.

Fedha iende wapi

Kwa asiyezama, hata awe mvuvi au bodaboda wa Kaisho, mjadala wote wa cheti haumhusu. Saa ya mita 100 yenye betri ya miaka kumi, kama Casio AE-1200, inamtosha, na fedha iliyobaki ina kazi nyingine.

Kwa anayejifunza kupiga mbizi, chuo au kituo kina kompyuta za kuazima au kukodi. Anunue saa rahisi ya mita 200 yenye pete ya upande mmoja, na aizoee mpaka mkono uiweke alama wenyewe. Rangi inayowaka ipewe alama kubwa kuliko urembo, kwani maji ya ziwa karibu na mito ni ya giza mapema. Mkanda uwe wa nailoni unaopita nyuma ya saa kipande kimoja. Pini moja ikikatika, saa inabaki mkononi.

Kwa anayezama kwa kazi, sitakubali saa peke yake, hata yenye cheti. Kompyuta inayokubali mwinuko ije kwanza, na saa ya sola ya mita 200 iwe shahidi wa pili kwenye mkono mwingine. Bajeti ikibana, cheti ndicho cha kuachwa, si kompyuta. Na kikosi kinachonunua kwa pamoja kiweke kwenye orodha hiyo hiyo mipira ya akiba na mashine ya kupimia. Mashine moja ya Bukoba ingehudumia saa za mkoa mzima.

Baada ya kutoka majini

Kazi ya saa haiishi mtungi unapovuliwa. Anayetoka kuzama Bukoba na kurudi nyumbani kupitia Kyaka hadi Kayanga anapanda tena mamia ya mita juu ya ziwa akiwa na naitrojeni ambayo haijatoka mwilini. Kwa kupanda ndege, ushauri wa mtandao wa usalama wa wapiga mbizi, DAN, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na 18 baada ya kuzama mara kadhaa. Barabara ya kupanda Karagwe si ndege, lakini hewa nyepesi ni hewa nyepesi, na mwenye busara atalala Bukoba usiku huo.

Pete ya saa inahesabu dakika 60 tu, kisha inaanza upya. Kwa hiyo saa ya kutoka majini iandikwe kwenye daftari pale pale ufukweni, kabla ya saa kusuuzwa kwa maji safi na kuanikwa kivulini.